Kasoro Isiyohesabiwa

Ndeshi alikuwa akirudisha gari nyuma uani, kuku akakatiza. Alipogusa breki tu, gari likasimama papo hapo. Hata jana halikuwa likisimama upesi hivyo.

Mwezi uliopita, ua huo huo, mumewe Elinami alimgonga mama yake mzazi, akamvunja nyonga. Aliapa kwamba alikanyaga breki, gari likakataa. Ndeshi mwenyewe alimwambia aache kusingizia chuma. Basi Elinami akachuma jani la isale, kama Wachaga waombavyo msamaha, akampelekea mama kitandani. Tangu hapo hajashika usukani.

"Kiwandani wamekurekebisha nini usiku?" Ndeshi aliliuliza gari.

"Hakuna jambo la kumtangazia mmiliki."

Sheria ilikuwa hivyo. Kasoro inayolazimu gari kupelekwa gereji hutangazwa kwa watu wote. Inayotibiwa kwa mtandao, gari likiwa limeegeshwa, haihesabiwi kasoro, na mwenye gari haambiwi.

"Breki zilikuwa mbovu?"

"Breki zangu hazijawahi kuwa na hitilafu."

Ndeshi akashuka, akachuma isale kwenye ua wa miti. Elinami alikuwa mlangoni, amemaliza kumfunga binti yao kamba za viatu vya shule. Akaliona jani.

"Nisamehe, Baba Anasia. Hukusema uongo."

Elinami akalipokea kwa mikono miwili. Kisha macho yake yakaruka bega la mkewe. Anasia alikwisha kupanda, na mlango wa gari ulikuwa ukijifunga taratibu.

"Mko salama," gari likasema, "kama jana."