Mgongo wa Mama Ngedere

Zamani wanyama walipokuwa wakiamkiana kabla ya kula, Mama Ngedere alimwonea wivu jirani yake, Mama Tumbili. Mtoto wa Tumbili alimwamkia Mzee Kobe, "Shikamoo, babu," akapokea ndizi kwa mikono miwili, na Kobe akatamka mbele ya wote, "Huyu amelelewa." Wakati huo mtoto wa Ngedere alikuwa akining'inia kwenye mkia wa mama yake, mdomo umejaa.

"Kuanzia leo wewe ni mtu mzima," Ngedere akamwambia walipofika nyumbani. "Mtu mzima halii, hachezi, habebwi."

Mtoto hakuwa amemaliza hata mwaka, lakini alishika. Mwezi haukuisha akawa anakaa na wazee, anakohoa kabla ya kusema, anamuuliza Kobe habari za magoti. Kila mtu akamsifu, na Ngedere akatembea kwa maringo.

Siku moja mvua ikawakuta wote njiani. Mtoto wa Tumbili akawaaga wazee vizuri, kisha akarukia mgongoni kwa mama yake na kulaza shavu.

"Kumbe bado unambeba?" Ngedere akauliza.

"Adabu anazo," Tumbili akajibu. "Lakini si bado mtoto?"

Wivu ukamrudia Ngedere, mkali kuliko ule wa kwanza. Akainama. "Panda, mwanangu."

Mtoto akakohoa kwanza. "Ahsante, mama. Wewe tangulia tu, mimi nakuja polepole."

Ngedere alifika nyumbani mgongo umelowa wote. Wa Tumbili ulikuwa mkavu.