Kwa Manufaa ya Taifa

Felismina alikuwa akikisugua kiti kwa siki. Si kwa sabuni, maana sabuni huondoa uchafu wa mwili tu. Alisugua egemeo, akasugua miguu ya kiti mpaka kule chini inakogusa sakafu, kisha akakinusa kama mtu anayenusa samaki wa juzi. Bado alihisi harufu ya Belmiro.

Hicho ndicho kiti alichokalia kijana huyo kila Jumapili tangu alipoanza kumchumbia Etelvina, binti wa Felismina. Belmiro alikuwa karani wa manispaa, mpole, mwenye kucha safi. Alikuwa akila supu yake ya mkate na giligilani, akipanguza bakuli, akimshukuru mama. Katikati ya wiki alimwandikia Etelvina barua, na Etelvina alizisoma mezani kwa sauti. Felismina alipenda zaidi namna zilivyoisha. Padri aliyemfundisha kusoma alimwambia kwamba mwisho wa barua ni mlango, na mtu mwema hatoki bila kuaga. Padri mwenyewe alimalizia zake kwa Kilatini, *Vale*, yaani uwe mzima. Belmiro alimalizia, "Wako akubusuye mikono."

Kisha Abílio, mtoto wa kiume wa Felismina, akakamatwa.

Alikuwa amejificha kwenye kinu kibovu cha zeituni, kwa sababu ya makaratasi aliyowagawia vibarua wa mashamba. Waliojua ni mama yake, Etelvina aliyempelekea mkate, na Belmiro aliyempakia Etelvina kwenye baiskeli. Basi. Polisi wa siri hawakuuliza njia. Walimtoa nyuma ya mawe ya kusagia akiwa hana viatu. Wiki ileile ikaja barua ya Belmiro ya kuwapa pole, na chini kabisa, mahali pa mikono na mabusu, palikuwa na maneno haya: Kwa Manufaa ya Taifa.

Miaka ile maneno hayo yalikuwa mkia wa kila barua ya serikali. Notisi ya kodi, kibali cha kuchinja nguruwe, hata onyo la mbwa kichaa, vyote viliishia hapo. Na barua za kuwachongea majirani kwa polisi nazo ziliishia hapohapo, maana mchongezi hupenda kuonekana raia mwema.

Felismina aliposikia mwisho ule ukisomwa, aliacha kula. Akaweka kijiko chini.

"Unaona, mama?" Etelvina alisema. "Mkono humfichua mtu. Ndivyo anavyowaandikia wale polisi."

Jumapili Belmiro alikuja kama kawaida, kofia mkononi. Kabla hajamaliza vijiko viwili vya supu akaonyeshwa barua yake. Akaiva uso mpaka masikioni. Alisema siku ile alishinda akiandika notisi za kodi, na hii ya kwake aliiandika juu ya meza ileile, chakula chake kikipoa pembeni, mkono ukaenda wenyewe.

"Mama, mkono wa karani ni punda wa kinu," alisema. "Hata ukimfungua kamba, anazunguka tu."

Etelvina alicheka, kicheko kikavu. "Basi punda wako kazunguka mpaka kwenye kinu alicholala kaka yangu."

Felismina alizitazama zile kucha safi, akaona kama funza wanatembea chini yake.

"Toka," alisema. "Na tukikutana njiani usinisalimie."

Supu aliyoiacha aliwamwagia nguruwe, kisha akajuta, maana nguruwe wale angekuja kuwala yeye. Ndipo akachukua siki.

Habari ikaenea mji mzima. Mkahawani watu walihama meza aliyokaa Belmiro. Kinyozi alimwambia wembe umepotea, na huku anaunoa. Kabla ya mavuno ya zabibu akaomba uhamisho, akapanda treni ya Lisbon peke yake. Felismina alikwenda stesheni makusudi, na treni ilipopita akatema mate relini.

Etelvina hakulia. Alirudi kwenye cherehani yake, ile mpya ya kukanyaga kwa miguu, ambayo alisema mke wa kapteni wa polisi amempa kwa kupendezwa na kazi yake. Alikuwa mshonaji tangu utotoni. Ofisini hakuwahi kuingia ila kupeleka kodi ya mama yake, na hata huko alisimama mlangoni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, gereza likatoa ruhusa: ukurasa mmoja kwa Abílio. Vidole vya Felismina vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, kwa hiyo alisema yeye, Etelvina akaandika, amekaa kwenye kiti kile kilichosafishwa. Felismina alimweleza mwanawe habari za kuku aliyeanza kutaga tena, za paa linalovuja upande wa kitanda chake, za soksi za sufu zilizokuwa njiani. Etelvina aliandika haraka, jicho moja likiwa kwenye gauni la mke wa kapteni lililomsubiri juu ya cherehani.

"Malizia wewe, mwanangu," Felismina alisema, akaenda kuepua sufuria. "Umuage vizuri."

Aliporudi karatasi ilikuwa tayari, wino ukikauka. Alivaa miwani, akaiinua aibusu kabla haijakunjwa. Chini kabisa, juu ya jina la binti yake, kwa mwandiko laini usiosita popote, paliandikwa: Kwa Manufaa ya Taifa.

Felismina aliirudisha karatasi mezani. Akaenda jikoni, akarudi na kitambaa na chupa ya siki.

"Inuka kwenye hicho kiti," alisema.