Geuza Kwanza Uone Mshono

Mama alikuwa ameshafungua pochi pale binti yake alipomshika mkono.

"Subiri mama, usitoe."

Fundi wa kompyuta akacheka. "Mdogo wangu, mfumo huu ni wa kizamani. Usipolipia mpya leo, mashine itakufia mikononi, na masomo yako yote yamo ndani."

Pesa ile ilikuwa ya vitambaa vya sare alizoagizwa kushona, lakini mzazi akitishiwa masomo ya mwanawe hulipia hata kivuli. Aliona mtoto anamtia aibu mbele ya watu.

"Samahani kaka," binti akasema kwa adabu, "mimi nimelelewa chini ya cherehani. Kwetu nguo hailipiwi kabla ya kugeuzwa ndani nje, mshono uonekane. Naomba na hii niigeuze."

Akaivuta kompyuta, akabonyeza hapa na pale. Kidole chake kilikuwa na kovu la sindano, mahali palepale lilipo la mama. Kisha akamgeuzia kioo.

"Soma mwenyewe, mama."

Mama aliishia darasa la saba, ila kusoma hakukumpiga chenga. Akaweka kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti: "Mfumo mpya uko tayari. Bila malipo."

Fundi akakohoa.

"Rudia hapo, mama," akasema mteja mmoja mlangoni, kompyuta yake kwapani. "Mimi nililipa jana."

Mama akavaa miwani, ingawa hakuihitaji, akajaza kifua pumzi.