Somo la Wiki ya Tatu

"Nyamaza, usinikate kauli!" Mama alifoka, kidole kikiwa juu ya mstari wa kwanza.

Ilikuwa wiki ya tatu skuli imefungwa kwa surua. Asubuhi dereva wa skuli aliacha mlangoni karatasi ya Kiarabu kutoka kwa mudarrisa, mwalimu wa kike, kama zile za masomo ya wiki mbili zilizopita, wino wake wa zambarau bado ukinuka spiriti, kila herufi imetiwa irabu. Rahila, wa darasa la pili, macho yalikuwa yamemvimba kwa maradhi, hawezi kusoma. Basi mama yake ndiye wa kumsomea. Kiarabu cha Nizwa, Omani, kilikuwa kikimshinda tangu aje kutoka Unguja, lakini herufi alizijua. Alikhitimu Kurani ana miaka tisa.

Akasoma kwa tajwidi, akivuta panapovutwa, jasho likimtiririka.

"Mama..."

"Fuatisha! Unataka kurudia darasa?"

Rahila akafuatisha mstari kwa mstari, mara tatu, mpaka ukurasa mzima akawa nao kwa ghibu. Mama akashusha pumzi.

"Haya. Sasa nambie, somo linasema nini?"

"Hili si somo, mama. Mudarrisa anasema skuli itabaki imefungwa mwezi mwingine."