Nadhiri ya Barafu

Sheria ilikuwa moja: penye barafu, nchi ya karibu ina haki ya kuzuia meli; barafu ikiisha, bahari ni ya wote. Meli ya Shee, mume wa Mwanakombo, ilikuwa imezuiwa ncha ya kaskazini miezi miwili. Mwanakombo akaweka nadhiri: barafu ikiyeyuka, atawalisha pilau majirani wote.

Leo asubuhi Shee alipiga simu. "Mke wangu, kipande cha mwisho kimeyeyuka. Tumeachiwa!"

"Alhamdulillahi!" Roho ya Mwanakombo, iliyokuwa juu juu, ikatua. Akainjika sufuria kubwa.

Adhuhuri majirani walikuja kumpongeza, nguo wamezipandisha magotini, viatu mkononi. Akawapokea kwenye kidato cha tano cha ngazi yake. Vinne vya chini vilikuwa bahari sasa, na bahari ni ya wote.