Kandambili Kifuani

“Mama, siwezi kukuzika ungali hai!”

“Basi kauze maandazi na mimi,” Mashavu alimjibu bintiye. “Yatima ndio wanaolipiwa ada yote ya chuo. Baba huna. Nimebaki mimi tu kukuharibia.”

“Wakijua je?”

“Nani wa kuwaambia? Kuku?”

Wakaguzi wa msaada wa ada wakapiga hodi mlangoni. Siwema akamshika mama yake mkono. Mashavu akajinasua, akavuta kanga yake kambani, akaokota kandambili zake chini ya kitanda, akatokea mlango wa nyuma.

Alisimama peku nyuma ya ukuta. Alimsikia Siwema akisema kwa sauti ndogo kwamba hana mama.

“Pole sana,” mwanamume mmoja akasema. “Alifariki lini?”

Mashavu, kandambili kifuani, naye akasubiri kusikia.