Fuvu Namba Saba

Fuvu lilizunguka taratibu kwenye skrini ya kompyuta, na Ta Karugendo hakupepesa jicho.

Alikuwa ametoka Kishanda alfajiri, mpaka hospitali hii ya Bukoba, kwa jambo moja tu: kuona kazi ya Avit, kijana aliyetaka kumwoa binti yake Renatha. Kupima mafuvu! Msomi mzima! Leo angetoa jibu lake la mwisho.

"Na hivyo vipimo ni vya kweli?" aliuliza mzee.

"Vya kweli, Ta." Jasho lilikuwa likimtoka Avit. "Mashine inampiga mtu picha vipande vipande, kompyuta inaviunganisha. Hili nimelipima siku tatu mbalimbali. Tofauti haikufika hata nusu milimita."

"Ni la nani?"

"Majina tunafutiwa. Sisi tunaona namba tu. Huyu ni Namba Saba."

"Hebu pima hilo taya."

Avit alibofya huku na kule. Hapo angenyamaza ingekuwa heri, lakini alimpenda Renatha kupita kiasi, na alitaka sifa.

"Pana kweli kweli! Huyu ni mwanamume, Ta, tena mkaidi. Taya hili halijasema 'ndiyo' tangu libatizwe."

"Na huo ufa juu ya jicho?"

"Ulipona zamani. Mlevi huyo, alianguka akitoka kunywa rubisi."

Mzee alisogeza kiti. Akahesabu meno ya kwenye skrini kwa kidole, akafika kwenye pengo, akarudia kuhesabu.

"Mwaka juzi tulipinduka na gari pale Muleba," alisema polepole. "Tulilazwa humu humu. Wote tulipitishwa kwenye mashine hiyo."

Avit alitazama taya la kwenye skrini, akatazama taya la mzee. Pana vilevile! Akamwona Renatha anamponyoka hivi hivi, kwa mdomo wake mwenyewe. Alipiga magoti sakafuni.

"Nisamehe, waitu! Sikujua kuwa ni wewe."

"Mimi?" Ta Karugendo alimwinua kwa mikono miwili, akicheka mpaka machozi. "Simama, mwanangu, binti nimekupa! Hilo taya ni la mama yake Renatha, pengo lake nalijua, na miaka thelathini na mitano nawaambia watu ukaidi wake, hakuna aliyeniamini."